Akaunti ya idara fungua mwenyewe

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma dukani wateja wakiwa wamenizonga, ndiyo maana sikukujibu papo hapo. Unasema idara imewagawia karatasi za akaunti ya kompyuta za idara, asaimenti ya kwanza ya programu inakusanywa humo humo, na unataka kuipiga picha hiyo karatasi unitumie nikufungulie mimi huku Tanga. Sikufungulii. Nimeona nikuandikie kwa urefu usije ukadhani nimekasirika.

Tabia hii najua umeitoa wapi: hapa hapa kaunta. Mtoto akimaliza kidato cha sita anakuja steshenari na mzazi wake, anakaa kwenye benchi, mwenye duka anafanya yote. Anamfungulia barua pepe, anamhakikia cheti cha kuzaliwa RITA, anamwombea mkopo Bodi ya Mikopo kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, anamtungia neno la siri na kuliandika kwenye daftari. Mwaka ukigeuka mtoto huyo anarudi: "Mama, eti paswedi yangu ilikuwa ipi?" Siilalamikii biashara, ndiyo iliyokusomesha. Lakini chuoni utakuwa peke yako mbele ya ile mashine, na daftari langu liko Barabara ya 12.

Usiichanganye akaunti hii na ile ya chuo unayotazamia matokeo na ada. Hii ni ya kuingilia kwenye seva ya idara, yaani kompyuta moja inayohudumia watu wengi, na seva za namna hiyo nyingi zinatumia mfumo endeshi uitwao Linux. Ichukulie kama nyumba ya Kiswahili ya kupanga: ukumbi mmoja, uani kwa pamoja, kila mpangaji na chumba chake na ufunguo wake. Mnaitumia mashine ile ile kwa wakati mmoja, ila kila mtu ana folda yake na kipimo chake cha nafasi. Kipimo kikijaa, faili jipya halihifadhiki, na kwa uzoefu wangu kinajaa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Kabla ya duka hili nilikuwa nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo, wewe hujazaliwa, na sababu karibu kila mara ilikuwa muziki na filamu. Weka humo kazi za masomo tu.

Kwenye karatasi utakuta jina la mtumiaji na neno la siri la muda. Haya ya muda mara nyingi hutungwa kwa mtindo mmoja darasa zima. Ukishaona lako unaweza kubuni la jirani, naye la kwako. Libadilishe siku hiyo hiyo unapoingia. Kama karatasi haikutaja njia nyingine, andika amri ya passwd, bonyeza Enter. Mashine itakuuliza lile la zamani, kisha jipya mara mbili. Sasa sikiliza: unapoandika neno la siri hapo, skrini haionyeshi kitu, si nyota wala nukta. Wageni wengi hudhani kibodi imekufa, wanaanza kubonyeza ovyo mpaka wanafungiwa. Wewe andika taratibu, maliza, bonyeza Enter. Na herufi kubwa na ndogo hazilingani.

Lifanye refu. Maneno manne yasiyohusiana yanatosha, hata ukiyachota kwenye Kidigo cha bibi yako, mradi lisiwe jina lako, namba ya simu, wala lile unalotumia kwenye barua pepe. Hilo la barua pepe, kwanza, ninalo mimi daftarini. Ulibadilishe nalo.

Mambo haya yana umri wa nchi yetu. Mashine ya kutumiwa na watu wengi kwa pamoja iitwayo CTSS ilionyeshwa chuo cha MIT, Marekani, Novemba 1961, mwezi mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kila mtu aligawiwa saa zake, na neno la siri likawekwa ili mafaili ya mtu yasiguswe na mwingine. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, saa zake hazikumtosha. Akagundua kwamba anaweza kuiagiza mashine imchapishie faili lolote, akaagiza faili la maneno ya siri. Likatoka lote kwenye karatasi, la kila mtu, maana lilihifadhiwa wazi kama lilivyoandikwa.

Siku hizi seva hailiweki hivyo. Inalivuruga kwa hesabu isiyorudi nyuma, inatunza matokeo ya hesabu tu, na ukiingia inapiga hesabu ile ile kuona kama yanafanana. Fundi wa seva mwenyewe halisomi neno lako. Ukisahau anakuwekea jipya. Kwa hiyo akikujia mtu kwa simu au barua pepe, "mimi wa idara ya kompyuta, nipe paswedi nihakiki," huyo ni ndugu yao wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Usimjibu hata kwa adabu.

Ukiwa hosteli utaingia kwa ssh, programu ya kuingilia kwenye seva ukiwa mbali bila wengine kusoma unachoandika, nayo inakula bando kidogo sana kwa kuwa ni maandishi matupu. Ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya watu kuchota maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi kwenye mtandao wa chuo chake. Mara ya kwanza itakuuliza kama unaiamini seva hiyo, na itakuonyesha mstari wa herufi na namba. Linganisha na ule uliotolewa na idara kabla ya kuandika yes. Najua wenzako wataandika tu bila kusoma.

Hili la mwisho ndilo linaloniogopesha kuliko yote, maana nakujua ulivyo mwepesi kwa marafiki. Folda ya asaimenti ifunge: andika chmod 700 na jina la folda, hapo wanafunzi wenzako hawaoni kilichomo. Ukiiacha wazi mtu atadesa, na mwalimu akikuta kazi mbili pacha hana namna ya kujua nani aliandika na nani alinakili. Rafiki akiomba msaada kaa naye, mwelekeze kwenye kompyuta yake, kwa akaunti yake. Usimwazime yako hata kwa dakika tano, na ya kwake usiingie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa, na haijali kama mlikula ugali sahani moja.

Ukiinuka maabara andika exit, kisha utoke na kwenye akaunti ya kompyuta yenyewe. Nakala ya kazi zako weka pia kwenye flashi, kwa sababu akaunti hizi hufungwa mwanafunzi akishamaliza, na vilivyomo vinakwenda nayo.

Ikigoma, nenda ofisi ya idara na kitambulisho chako, uwaeleze mashine imekuandikia maneno gani, neno kwa neno. "Inakataa" peke yake haimsaidii fundi.

Baba yako amepata machungwa ya Muheza, atayapakia kwenye basi la Jumamosi asubuhi. Namba ya kondakta atakutumia yeye. Mpe na mwenzako wa chumbani, lakini kapu nalitaka lirudi.

Mama yako