Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: tuanzie dirisha gani?

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Dodoma.

Assalaam alaykum, na pole na safari. Najua unasafiri sana kwa ajili yetu. Kila nikikuona kwenye taarifa ya habari ukitia saini na wageni, huwa nafurahi kuona kwamba kumbe saini inaweza kupatikana siku hiyohiyo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nashona madera na sare za shule, na kuandikia wakubwa si kawaida yangu. Nimeandika kwa sababu juzi hospitali moja ya Maskati ilimtumia binti yangu ujumbe kwamba nafasi yake ya uuguzi amepewa mwingine, kwa kuwa vyeti vyake havikufika kwa wakati vikiwa vimethibitishwa. Vyeti si vya kughushi, Mheshimiwa. Mwanangu kasoma, kafanya mtihani, kafaulu, na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo. Mihuri nayo ilikuwepo, tena mingi, ila mmoja wa katikati haukujulikana na aliyeupokea.

Niruhusu nieleze ilivyokuwa, maana nahisi nyinyi wakubwa mnaelezwa mambo haya kwa kifupi mno. Cheti cha kwetu kikitakiwa nchi ya watu kinapita mkono kwa mkono. Aliyekitoa anathibitisha kuwa ni chake. Anayefuata anathibitisha sahihi ya huyo wa kwanza. Wizara yako inathibitisha sahihi ya huyo anayefuata, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda unathibitisha sahihi ya wizara yako. Katika safu yote hiyo hakuna anayethibitisha kama kilichoandikwa ndani ni kweli. Kinachoangaliwa ni sahihi na muhuri, vinalinganishwa na mfano uliohifadhiwa ofisini.

Sasa katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, afisa aliyekuwa akisaini alihamishwa. Aliyeshika nafasi yake akasaini vizuri, akagonga muhuri, akatutakia safari njema. Mfano wa sahihi yake ulikuwa haujapelekwa kwenye dirisha linalofuata. Huko tukaambiwa sahihi haitambuliki. Tukarudi kwake, tukaambiwa barua inaandaliwa. Tukaja tena, mtandao unasumbua, rudini Alhamisi. Alhamisi mwenye ufunguo wa kabati la mihuri yuko semina. Semina yenyewe, nilikuja kusikia, ilihusu huduma bora kwa mteja. Huenda ni maneno ya mlinzi wa getini tu, lakini mimi nimeyaamini.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kupitia Segera na Chalinze, ni kilomita zipatazo 350. Ukiambiwa uende Dodoma, ongeza nyingine zipatazo 450. Treni ya umeme tumeiona, inafika Dodoma tangu 2024, na tunashukuru. Inaanzia Dar, lakini. Mtu wa Tanga aanze kwanza kuitafuta kwa basi. Nimeuza cherehani yangu ya pili, ile ya kudarizi, ili pawepo nauli na ada na kopi na nauli tena. Binti alikaa kwa shangazi yake Mbagala mpaka shangazi akaanza kumuuliza kila asubuhi, "Hivi mambo yenu yamefikia wapi?" Mheshimiwa ni Mswahili, unajua mgeni akiulizwa hivyo maana yake nini.

Na pale nje, wakati tunahesabu hela za kulala, akatufuata kijana mmoja mtanashati, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeuzwa nyuma mbele. "Mama, hizo karatasi nipe mimi, kesho jioni unazo." Sikumpa. Ila waliompa, kwa walivyotusimulia kwenye foleni, kesho yake jioni walikuwa nazo kweli. Kwa hiyo kazi ya siku moja inawezekana. Ninachoomba kuelezwa ni kwa nini inawezekana getini na haiwezekani dirishani.

Binti ndiye aliyenifundisha habari za Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Nikamwambia wakati huo Tanganyika hata uhuru ilikuwa haijapata, ilibaki miezi miwili. Nchi zilizoingia humo zilikubaliana kuuacha mlolongo huu wote. Cheti chako kinaambatishwa kikaratasi kimoja kiitwacho apostili, cha mraba, kila upande usipungue sentimita 9, chenye vipengele 10: nchi gani, nani kasaini, kwa cheo gani, muhuri wa nani, kimetolewa wapi na lini, na vinginevyo vya namna hiyo. Basi. Ubalozi hauhusiki tena. Oman imo tangu 2012, Saudi Arabia tangu 2022, China tangu 2023. Tusiseme ni mambo ya wakubwa wa dunia tu, maana jirani zetu Malawi wamo tangu miaka ya 1960, Burundi tangu 2015, Rwanda tangu 2024. Sisi hatumo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, kwetu, lakini Mrundi na Mnyarwanda ndio wanaokwenda Maskati na kikaratasi kimoja.

Kwa nini hatumo, sijui nani wa kuniambia, kwa hiyo nimekisia mwenyewe. Labda ni hofu ya vyeti feki. Hatujasahau 2017, uhakiki uliposomwa mbele ya Hayati Magufuli na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Kama ni hofu hiyo naielewa, lakini nauliza: mlolongo usiosoma kilichomo ndani ya cheti unamkamata vipi mghushi? Mkataba wenyewe, kwa jinsi binti alivyonisomea, unaitaka ofisi inayotoa apostili iwe na rejesta, ili mtu wa Maskati akitilia shaka namba aulize na ajibiwe. Na kama si hofu, basi ni ada. Kila muhuri una kontrol namba yake ya kulipia ada Serikalini, na mihuri ikipungua kontrol namba nazo zitapungua. Mnisamehe nikiwa nimekosea. Mtu akizungushwa sana anaanza kuhesabu vya wenzake.

Najua mkataba lazima upite Bungeni. Najua pia kwamba nchi mwanachama inaweza kuikataa nchi mpya inayoingia, kwa hiyo si kila mlango utafunguka siku hiyohiyo. Sisemi ifanyike kesho. Nasema ianze, na sisi tuambiwe imeanza.

Wakati tunasubiri, hebu tuangalie pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki, hiyo yenye nembo ya taifa na alama za vidole, mwanangu aliiombea hapahapa Tanga, Uhamiaji. Hakwenda Dodoma. Kama Serikali inaweza kupokea maombi ya hati nzito kama ile mkoani, inashindwaje kupokea cheti cha uuguzi, ikakituma, ikakirudisha? Zanzibar wizara yako ina ofisi. Tanga tuna bandari, tuna mpaka wa Horohoro, tuna ndugu Oman tangu enzi za mababu, na mji wetu una udugu na Eckernförde ya Ujerumani tangu 1963. Mambo ya nje yametujaa humu ndani, isipokuwa dirisha.

Tumeambiwa majukwaani kwamba huduma zitasogezwa karibu na mwananchi. Mafuta ghafi ya Uganda tayari yamesogezwa: yametengewa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi hapa Chongoleani. Sina ubaya na mafuta. Ila nayo ni ya kwenda nje kama mwanangu, na sijasikia yakiambiwa yarudi Alhamisi.

Mheshimiwa, nikisoma nilichoandika naona nimeomba mengi: mkataba, ofisi, dirisha. Huenda msaidizi wako ataniona mama mwenye makuu. Basi yaacheni yote hayo kwanza, mnipe karatasi moja. Karatasi moja, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, iseme cheti cha taaluma kinaanzia wapi, kinafuata wapi, kinamalizia wapi, ada kila mahali ni kiasi gani, inachukua siku ngapi, na ni kopi au ni chenyewe kinachogongwa muhuri. Afisa akihamishwa, siku hiyohiyo dirisha linalofuata lipelekewe sahihi ya aliyekuja, au tubandikiwe tangazo kwamba amehamishwa, tusipande basi. Ibandikwe ofisi ya mkoa. Kama gharama ya kuichapa ni tatizo, nitaichapisha mwenyewe kwenye steshenari ya hapa jirani. Nipeni maneno tu.

Nakuomba karatasi hiyo haraka, tena haraka kweli, kwa sababu binti ameomba nafasi nyingine, safari hii Saudia, na wanataka vyeti kabla ya mwezi ujao kwisha. Jana usiku kavitandaza vyote kitandani, anapanga kipi kitangulie, ananiuliza mimi. Mimi najua kupima na kukata nguo.

Tuanzie dirisha gani, Mheshimiwa?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Muuguzi,
fundi cherehani, Ngamiani, Tanga.