Anayehama aanze na friji

Mhariri,

Wanaohama nyumba waliyoizoea miaka mingi huhangaikia makochi, kumbe kinachoharibika kwa urahisi ni friji. Izimwe saa 24 kabla, barafu iyeyuke yote na maji yakaushwe. Isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa (mota inayosukuma gesi ya kupoza) hutiririka na kuingia kwenye mirija ya gesi. Ukiiwasha papo hapo, kompresa huzunguka bila mafuta ya kutosha na huenda ikaungua. Kama hapakuwa na budi kuilaza, isimamishwe saa 24 ndipo ichomekwe.

Vitabu viingie maboksi madogo, maana boksi kubwa hupasuka kitako mlangoni. Sahani zisimamishwe kwa ubavu, kila moja na gazeti lake (hata la jana bado lina kazi). Skrubu za kitanda zitiwe kwenye mfuko na kubandikwa kwenye mbao zake, la sivyo usiku wa kwanza ni wa sakafuni.

Kabla ya kurudisha funguo, piga picha mita za maji na umeme, tarakimu zisomeke. Ugomvi wa bili huanzia hapo.

Msomaji wenu