Kuhamisha antena mita mbili: unalipia nini hasa?

Malalamiko tunayoyapata mara nyingi kuliko mengine yanahusu kazi iliyofanikiwa. Juzi tena mteja alituita kwa sababu picha inagandaganda kila jioni. Fundi akafika, akapima, akaitoa antena nyuma ya televisheni na kuipandisha juu ya dirisha la chumba cha pili, akavuta waya mpya, chaneli zote zikatulia. Baadaye mteja akatuandikia kwamba ameibiwa: "Hamkuniachia kifaa chochote. Mmesogeza antena tu, kwa hela yote ile?" Si wa kwanza kusema hivyo, na tusipolieleza jambo hili hatakuwa wa mwisho.

Kusogeza antena ndiyo kazi yenyewe. Chaneli nyingi za dijitali hurushwa kwenye masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Kwenye megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa nusu mita. Ndani ya chumba, wimbi linalotoka mnarani hukutana na lile lililogonga ukuta, friji au kabati la chuma likarudi. Yakikutana yanapingana, nguvu inakufa mahali hapo. Sentimita kumi na kitu pembeni, yanasaidiana. Kwenye nyumba moja ya ghorofa tuliweka antena upande wa kushoto wa dirisha, ubora ukawa mzuri kwa chaneli zote. Tukaisogeza kwa upana wa viganja viwili kuelekea kwenye grili, kundi zima la chaneli likapotea. Dirisha ni lile lile, antena ni ile ile.

Halafu masafa yenyewe hayafanani. Pahali panapoipendelea chaneli moja panaweza kuikataa nyingine, na fundi hana budi kutafuta pahali pasipomkera yeyote, si pale panapong'arisha chaneli moja tu unayoipenda. Hapo ndipo muda unapokwenda. Wateja wengi hukasirika wakati huu. Picha imeshatokea, fundi bado anazungusha antena na kuangalia mita ya kupimia mawimbi. "Fundi, si imeshakuja?" Imekuja, ndiyo, lakini imekuja kwa kuponea chupuchupu.

Enzi za analojia mawimbi yakidhoofika uliona chenga, ukajua mapema kuna tatizo. Dijitali haikuonyi. Picha inabaki safi kabisa mpaka mawimbi yanaposhuka chini ya kiwango ambacho king'amuzi kinaweza kukisoma, kisha ghafla unaona vipande vya mraba, sauti inakatika, skrini inakuwa nyeusi. Kwa hiyo picha safi ya saa nne asubuhi haithibitishi chochote. Inaweza kuwa imesimama ukingoni kabisa, na mtu akipita mbele ya antena, au lori likiegeshwa nje, inaanguka. Tunachotafuta ni akiba juu ya kile kiwango, na akiba haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye mita. Kama huna mita, fungua menyu ya king'amuzi au televisheni yako utafute mistari miwili: nguvu na ubora. Wengi huangalia nguvu. Angalia ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, maana yake unapokea kelele nyingi au mawimbi yaliyochafuliwa na mwangwi.

Na hapa ndipo linapokuja suala la busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Laiti tungepata nafasi ya kusema neno moja kwa kila mtu anayeingia dukani kununua antena, tungesema: usianze na busta. Busta haitengenezi mawimbi. Inakuza kilichofika, mawimbi pamoja na kelele zake, kisha inaongeza kelele kidogo ya kwake. Ni kama kupaza kipaza sauti kwa mtu anayeongea huku amefunikwa mdomo: unapata kelele kubwa zaidi, maneno ni yale yale yasiyosikika. Mama mmoja alikuwa na busta mbili zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, na alikuwa anajiandaa kununua antena ya tatu. Kwake mnara wa matangazo unaonekana dirishani. Mawimbi yalikuwa yanaingia kwa nguvu kiasi kwamba king'amuzi kilizidiwa, chaneli zikawa zinaharibiana zenyewe. Tulizitoa busta zote mbili. Chaneli zilirudi pale pale, akiwa bado ameshika kiti kilichomsaidia fundi kupanda. Hela aliyokwisha kutumia kwenye vifaa ilizidi kwa mbali ile tuliyomtoza, na bado aliuliza kwa nini tunatoza kwa "kutoa" vitu.

Busta ina kazi yake. Inafidia mawimbi yanayopotea kwenye waya mrefu au kwenye splita (kile kigawanyi cha waya mmoja kwenda televisheni zaidi ya moja), na hukaa karibu na antena, kabla mawimbi hayajadhoofika. Ikifungwa nyuma ya televisheni, mwisho wa waya mbovu, inakuza uharibifu ambao tayari umetokea. Nyingine hazichuji kitu: zinakuza pia mawimbi ya simu ya megahezi 700 na 800, na kama kuna mnara wa simu jirani, unanunua tatizo jipya. Hapo kichujio kidogo husaidia kuliko busta kubwa.

Tukishaondoa busta, tunageukia waya, na huwa tunakuta maajabu. Waya wa antena wa kawaida ni wa omu 75. Ule mnene wa RG-6 hupoteza takriban desibeli 2, yaani zaidi ya theluthi ya nguvu, kwa kila mita 10 kwenye UHF. Mwembamba unaouzwa ndani ya boksi hupoteza zaidi. Splita ya njia mbili hukata nguvu nusu hata kama tundu la pili halina televisheni. Tumekuta splita nyuma ya kabati ambayo mwenye nyumba hakujua ipo, imeachwa na mpangaji aliyepita. Tumekuta waya umeunganishwa kwa kusokota kwa mkono na kufungwa gundi ya plastiki, ule wavu wa nje ukigusana na uzi wa kati. Muungano wa namna hiyo hauokolewi na antena yoyote, hata ya bei gani. Fundi wetu hukata, anafunga konekta upya, anavuta kwa nguvu kuhakikisha haitoki. Kazi hiyo haionekani kwenye picha ya kabla na baada, lakini ndiyo inayokufanya usituite tena.

Boksi linaloandika "4K" au kilomita mia kadhaa lisikutie moyo. Antena haijui kama picha ni ya HD au la. Inashika masafa tu. Na mawimbi ya UHF hayapindi vya kutosha kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kuahidi umbali huo kwa kipande cha plastiki kilichobandikwa ukutani ni kumdanganya mtu.

Kabla hujatuita, jaribu haya bure. Toa antena nyuma ya televisheni. Ipandishe juu, upande wa nyumba unaotazama mnara, mbali na ukuta wa zege wenye nondo. Jaribu kuilaza na kuisimamisha, maana baadhi ya minara hurusha mawimbi yaliyosimama na mingine yaliyolala. Kioo chenye tinti ya metali huzuia mawimbi karibu kama bati, hivyo dirisha zuri kwa macho linaweza kuwa baya kwa antena. Kila ukihamisha, tafuta chaneli upya. Na kama picha hukatika jioni tu, zima taa za LED na chomoa chaja moja moja. Yule mteja wa mwanzo, sehemu ya shida yake ilikuwa taa ya bei nafuu iliyoning'inia karibu kabisa na antena. Ilipowashwa, ubora ulishuka huku tukiutazama.

Ukishayafanya hayo yote na bado ubora haupandi, tuite. Tunatoza kwa kupima, na tunasema hivyo kwenye simu kabla ya kuja. Kuna nyumba, hasa za ghorofa ya chini zinazotazama upande usio na mnara, ambazo antena ya ndani haitafanya kazi hata ikae wapi. Hapo hatukuuzii antena. Tunakuandikia vipimo vya kila chumba kwenye karatasi, umpelekee mwenye jengo, ili mzungumzie antena moja ya paa ya kugawana wapangaji wote.