Barua kwa mdogo wangu aliyehamia chumba kimoja

Mdogo wangu,

Pole na mitihani. Nimesikia kazi imesimama, nyumba umeirudisha kwa mwenyewe, na sasa umepanga chumba kimoja Mbagala. Mambo ya kutafuta kazi sikuandikii. Wa kukushauri hayo ni wengi na hata hujawaomba. Nakuandikia kuhusu hicho chumba, maana mwenye mawazo akikosa na usingizi, kila kitu humwelemea mara mbili.

Usianze na mapambo. Maua ya plastiki na zulia la manyoya hapo Dar es Salaam ni kufuga vumbi tu. Anza na pa kulala.

Kama kitanda umekiuza, godoro usilitandike moja kwa moja kwenye saruji. Joto na jasho la mwili hupenya sponji, hukutana na ubaridi wa sakafu, na unyevu hubaki hapo hapo. Hazipiti wiki nyingi utaona madoa meusi ya ukungu upande wa chini, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Nunua chaga, mpe fundi azipigie vijiti vya miguu hata vya inchi nne, hewa ipite. Halafu mara moja kwa wiki, asubuhi, lisimamishe godoro ukutani mpaka mchana.

Chandarua chukua cha pembe nne. Cha duara hupendeza, lakini kwenye kitanda chembamba kinakubana, na mbu aliye nje ya neti humng'ata mtu iwapo mkono au goti limegusa kitambaa. Chenye dawa kifue kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, ukianike kivulini. Ukikiloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo au ukikianika juani, dawa yake inaisha mapema.

Sasa joto. Kuanzia Desemba hadi Machi bati hupikwa na jua mchana kutwa, na ndani kunabaki tanuri hata saa nne usiku, wakati nje kumeshapoa. Kosa la wengi ni kuelekeza feni kitandani tangu magharibi: unapuliziwa hewa ile ile ya moto. Fungua mlango, weka feni dirishani ikitazama nje, iache kwa muda wa saa moja isukume joto. Ukishafunga mlango ili ulale, igeuze itazame ndani, kwa kimo cha godoro, upepo upite kwenye neti. Tena mlio wake hufunika redio ya jirani.

Na usiionee feni huruma kwa sababu ya luku. Feni ya meza ya wati 50 ikizunguka saa 10 inakula nusu uniti. Birika la umeme la wati 2000 linamaliza nusu uniti hiyo hiyo kwa robo saa. Mkiwa mnachangia mita moja na wapangaji wenzio, hesabu hii iweke kichwani, siku ya kuchanga fedha utaihitaji.

Pazia zito litoe, linazuia upepo. Kanga moja yatosha: inakata macho ya wapita njia na hewa inapita. Taa nayo, najua umewekewa ile nyeupe ya kung'aa kama ya duka la dawa. Kwenye boksi lake utaona imeandikwa 6500K. Ya jioni tafuta ya mwanga wa njano, iliyoandikwa 2700K au 3000K, wati 5, uifunge kwenye taa ya pembeni, ile ya juu uizime mapema. Mwanga mweupe usiku huuambia mwili kwamba bado ni mchana. Simu ichajie karibu na mlango, mbali na mto.

Hapo ndipo udi unapoingia, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapoharibu. Chukua vipande viwili vya mkaa, ukubwa wa kidole gumba. Viwashie nje, mpaka viwe vyekundu kote na kuvaa majivu ya kijivu; mkaa ambao haujashika vizuri ndio unaotoa moshi wa kuwasha macho. Weka kwenye chetezo, nyunyiza majivu kidogo juu, kisha subiri kama dakika tatu. Ndipo uweke kipande kidogo cha udi uliopikwa kwa sukari, au punje tatu nne za ubani. Ukiweka upesi kwenye mkaa mkali, sukari ya udi inaungua na chumba kinanuka mchuzi ulioshika chini. Shuka na foronya vitandaze juu ya tenga, chetezo kikiwa chini yake, dakika tano, na usiondoke hapo.

Mlango na dirisha viwe wazi muda wote. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na marashi ya udi hayaipunguzi hata chembe. Kichwa kikigonga, kizunguzungu kikija, toka nje mara moja. Ukimaliza, makaa yatoe nje uyamwagie maji. Usilale nayo ndani hata yakionekana yamezimika. Jiko la kupikia vilevile, mvua inyeshe isinyeshe, halina ruhusa ya kuingia chumbani.

Kifua kikikubana, achana na moshi kabisa. Tafuta vitumba vya asumini jioni, kabla havijafunguka, uviweke kwenye kisahani karibu na mto, vitachanua usiku. Kivumbasi dirishani hunukia vizuri, ila kisikufanye ukaacha neti.

Kabla ya kulala, chai ya rangi iache. Majani matatu ya mchaichai yafunge fundo, yachemke dakika tano kwenye vikombe vitatu vya maji, ufunike yatulie.

Wiki hii fanya chaga, neti na taa tu. Udi usubiri usiku wa Ijumaa. Nitumie vipimo vya dirisha. Nina doti ya kanga hapa, haijakatwa wala haijapindwa.