Moto uliacha kuta, kijiko ndicho kilichomaliza

Ndugu Mhariri,

Jengo kongwe la umma likiungua, habari yake huwa ileile: moto ulizuka usiku, chanzo kinadhaniwa kuwa hitilafu ya umeme, hakuna aliyepoteza maisha, tathmini ya hasara inaendelea. Sina ugomvi na maneno hayo. Naandika kuhusu wiki mbili zinazofuata, ambazo sijawahi kuzisoma gazetini.

Mimi ni muashi. Nilianza nikiwa saidia fundi hapa Moshi, nikikoroga udongo na kubeba mawe muda mrefu kabla sijaruhusiwa kushika mwiko. Fundi wangu alikuwa mzee asiyejua kusoma, lakini akiweka kiganja ukutani alikwambia kama ndani kuna chokaa au saruji. Kazi yangu ya kwanza ya maana chini yake ilikuwa kukarabati jengo moja la zamani la ofisi za umma, pande hizi za mlima. Silitaji, wala siitaji ofisi iliyokuwa nalo mwishoni, maana sitaki barua igeuke mashitaka. Wanaolijua watalijua.

Kuta zake zilikuwa za mawe meusi ya mlima, nene kupita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, zimeshikwa kwa chokaa. Juu kulikuwa na kenchi, yaani fremu za kubeba paa, za mbao ngumu ambazo misumari yetu ilipinda ikikataa kuingia. Dari nayo ya mbao, na juu ya dari popo. Tulitoa kinyesi cha popo gunia kwa gunia, siku nne, tukifunga vitambaa puani. Mzee alisema, "Huu ni unga wa bunduki, vijana." Tulicheka.

Liliungua usiku mmoja, miaka mingi baadaye. Nilifika kulipopambazuka. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu ya mgomba, kenchi zimelala sakafuni zikifuka moshi, na majivu ya mafaili yalikuwa yanapeperuka hadi kwenye vihamba vya jirani. Watu walisimama wakisema jengo limekwisha. Mimi natembea na timazi mfukoni, ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima (mke wangu amenicheka kwa hilo miaka yote), nikaomba ruhusa kwa askari, nikaitundika kwenye kona. Uzi ulishuka sawasawa na ukuta. Kona ya pili vilevile. Zote nne. Madirisha mawili lenta zake, yaani boriti za juu ya dirisha, zilikuwa zimepasuka, na upande wa nyuma, karibu na chumba ambako moto ulikaa zaidi, mawe yalikuwa yamemenyeka uso. Basi. Kazi ya kuta zile ingewatosha mafundi wanne na mvumilivu mmoja wa kuchuja chokaa.

Siku chache baadaye kikaletwa kijiko, ile mashine ya kuchimbua na kubomoa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kuta zimeungua na ni hatari kwa wananchi. Sikuona mtu aliyezigonga. Mawe yalipakiwa kwenye tipa, mengine yakauzwa, na naamini yapo nyumba mpya mjini hapa zilizokaa juu ya msingi wa jengo lile bila wenyewe kujua. Sasa pale pana fremu za maduka.

Naomba nieleze kidogo mambo ya kazi, kwa sababu nadhani uamuzi ule ulitokana na kutojua zaidi kuliko ubaya. Moto wa usiku mmoja hauli ukuta mnene wa mawe kama unavyokula mbao. Unaunguza ngozi. Joto huingia polepole sana kwenye jiwe na chokaa, kwa hiyo ndani ukuta hubaki ulivyokuwa. Njia ya kujua ni nyundo ndogo na masikio: jiwe zima linalia, jiwe lililokufa linatoa sauti ya mtungi wenye ufa. Unapita hatua kwa hatua, unatia alama, unatoa yaliyokufa na kurudishia mengine. Cha kuogopwa zaidi ni boriti za chuma, kama zipo. Chuma kikipata moto hurefuka na kusukuma ukuta nje, kisha hulegea. Hapo ndipo timazi inasema ukweli.

Adui mkubwa wa ukuta ulioungua ni mvua. Ukuta usio na paa hunywa maji kuanzia juu. Masika moja ya Moshi, Machi hadi Mei, chokaa inaoshwa, magugu yanaotesha mizizi kwenye nyufa, na mwaka wa pili ukuta unaanguka kweli. Hapo wanasema, si tuliwaambia ni hatari? Kumbe dawa ya miezi ya mwanzo ni mabati ya kuokoteza au turubai juu ya vichwa vya kuta, na miti ya kuegemeza mahali penye shaka. Gharama yake ni ndogo kuliko kukodi kijiko. Na yeyote atakayekarabati, namsihi asipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji inafunga unyevu ndani, ukuta unaoza huku nje unang'aa. Hili nimelisema kwenye vikao na nikaonekana mzee wa mambo ya kale.

Yapo majengo yaliyoungua yakarudi. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019, paa lote la mbao na mnara vikaanguka mbele ya macho ya dunia, lakini kuta zikabaki na Desemba 2024 likafunguliwa tena. Mtu atasema wale wana fedha. Sawa, tuje nyumbani. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na ile miavuli yake ya zege haikusukumwa na katapila. Ilikarabatiwa. Na Uganda, makaburi ya Kasubi, walikozikwa makabaka (wafalme wa Buganda) wanne, yaliteketea Machi 2010. Pale mbao, matete na nyasi ndivyo vilivyolibeba jengo lile. Waliwezaje kulirudisha? Kwa sababu ukoo wa Ngeye, ambao kazi yake tangu zamani ni kuezeka, ulikuwa bado una watu wanaojua. Mwaka 2023 UNESCO ikayatoa makaburi yale kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kupotea kwa watu wanaojua namna hiyo ndiko kunakonikosesha usingizi kuliko moto wenyewe. Hapa Moshi, wanaojua kuloweka chokaa shimoni wiki kadhaa hadi iwe laini kama siagi, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mkono huo unatetemeka.

Sheria nayo haitusaidii sana huku kaskazini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo utawala wa Mjerumani haujafika hapa, reli haipo, boma la Arusha, ile ngome ya Wajerumani, halipo. Jengo la baadaye linahitaji tangazo la Waziri, moja moja. Sheria hiyohiyo imeikumbuka milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, jambo jema kabisa, ila unaweza kuwa na mlango unaolindwa na nyumba isiyolindwa.

Najua lipo jibu jingine, na nimelisikia hata kwa wajukuu wangu: hayo ni majengo ya mkoloni, yaungue tu. Boma la Arusha lilimalizwa mwaka 1900. Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa hapo na Wajerumani pamoja na wenzake. Leo tunaulizia fuvu lake Ujerumani, na ni haki tuliulizie. Lakini nani alibeba mawe ya lile boma? Waarusha na Wameru, kwa kulazimishwa. Sijaona daftari lenye majina yao. Ukuta ule ndio stakabadhi ya kazi yao, na ukiangalia vizuri utaona mahali fundi mmoja alipochonga jiwe kwa uangalifu ambao hakulipwa kuwa nao.

Tena si yote ya mkoloni. Ukumbi wa Arusha ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio, leo ni makumbusho. Jengo la KNCU, chama chetu cha ushirika, hapa Moshi limetokana na jasho la wakulima wa kahawa waliojiunga tangu miaka ya 1920. Stesheni yetu ya reli ipo kwa sababu njia ya kutoka Tanga ilifika hapa 1911, na treni ya abiria iliporudi Desemba 2019 tulikwenda kuipokea kama ndugu aliyetoka jela. Sisemi lolote kati ya hayo linakaribia kuungua. Nasema likiungua, Mungu apishe mbali, nani leo anajua upana wa madirisha yake?

Kuhusu kuzuia moto wenyewe, wenye kazi yao wapo na namba ni 114. Nitaongeza mawili tu. Atakayepanda darini aangalie nyaya na kinyesi cha popo kwa pamoja. Na mabomba ya maji ya zimamoto yaliyo karibu na majengo haya yafunguliwe mara moja moja tuone kama yanatoa maji. Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliungua Septemba 2018 yakiwa na vitu karibu milioni 20, na mabomba ya jirani yalikutwa hayana maji. Yetu mengine nina wasiwasi yako chini ya lami.

Ombi langu kwa halmashauri za Moshi na Arusha, na kwa Idara ya Mambo ya Kale, ni dogo. Jengo kongwe la umma likiungua, lisiguswe na mashine mpaka mhandisi, msanifu na muashi mmoja mzee wamelizunguka, wamegonga, wamepima, na kuandika kwa saini zao kwamba haliwezi kusimama. Wakati huo lifunikwe. Na yale ambayo hayajaungua yapimwe sasa. Vijana wa VETA, chuo cha ufundi, hapa wanafundishwa uashi, wana futi kamba, na kila mmoja ana simu yenye kamera. Wapelekwe wiki moja kwa jengo moja: kila dirisha, kila lenta, kila kenchi. Watajifunza kitu ambacho nyumba za matofali hazitawafundisha.

Mzee wangu alinilazimisha kuandika vipimo vyote vya jengo lile, kwa kuwa yeye hakuweza kuandika. Daftari ninalo, limeliwa kidogo na mchwa upande mmoja. Madirisha kumi na manne, milango sita, kimo cha ukuta hadi kwenye kenchi, hata idadi ya magunia ya popo. Jengo lenyewe halitarudi, fremu zimeshapangishwa. Lakini kama chuo au mtu wa makumbusho atataka kuona kazi ile ilipangwaje, anitafute kupitia kwako, Mhariri. Asubuhi ni nzuri zaidi, mchana nakuwa shambani.

Muashi mstaafu,
Majengo, Moshi