Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kurudishwa Thieta

Mama zangu shikamooni, na wadogo zangu mambo zenu. Hesabu atazisoma mweka hazina, mimi niseme tu michango ya nauli inasuasua na wahusika mnajijua.

Swali lililotawala grupu letu la kansa ya titi mwaka mzima ni hili, kwa nini nimetolewa uvimbe halafu naitwa tena opereshen, na je ningepigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kabla si wangeona yote? Mimi mwenyewe nilirudishwa, moyo ulidondoka nilivyoambiwa kingo sio safi. Yaani kile kinofu walichokata kinapakwa wino maabara, sasa wakikuta seli za kansa zimegusa wino hawana uhakika kama zimeisha mwilini. Zamani walitaka eneo safi pana kabisa, ila mwongozo wa Marekani wa 2014 ukasema kwa kansa iliyovamia nyama za jirani inatosha wino usiguswe.

Haya, MRI. Ni kweli inaona vingi kuliko mammogramu, yaani eksirei ya titi, lakini Uingereza walifanya utafiti unaitwa COMICE, wanawake 1,623, nusu wakapigwa MRI nusu hawakupigwa, majibu ya 2010 yakaonyesha waliorudishwa ni asilimia 19 huku na asilimia 19 kule. Sare! Uswidi kwa wanawake wa chini ya miaka 56 MRI ilipunguza kurudishwa, ila Uholanzi, kwa vivimbe visivyoshikika kwa mkono, waliopigwa ndo walirudishwa zaidi. Sababu mojawapo naielewa, kwenye MRI unalala kifudifudi titi linaning'inia, kwa daktari wa upasuaji unalala chali titi limesambaa, ramani na shamba havifanani tena.

Kwa hiyo anayekwambia uza kiwanja ukapige MRI, muulize kwanza daktari wako kwako itabadilisha nini. Kwa mwenye kansa ya lobula, yaani ya vitezi vya maziwa, inayojificha sana kwenye mammogramu, inaweza kuwa na maana. Na ikionyesha kidoa kingine usikubali titi zima litolewe kwa kidoa tu, bayopsi kwanza, yaani kitolewe kinyama kidogo kipimwe, maana kwenye MRI vinang'aa na vitu ambavyo sio kansa, hapa ndo naona wengi tunaumizwa bure.

Kikao kijacho kila mtu aje na ripoti yake ya patholojia, yale majibu ya maabara ya kinofu kilichokatwa, tutazisoma wote mstari kwa mstari. Na aliyeondoka na chupa yangu ya chai airudishe.