Mtini ukipukutisha majani haujafa, uacheni ulale

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme neno kuhusu ushauri wanaopewa watu wanaopanda mitini sehemu za baridi. Kila winta ikikaribia wimbo ni uleule, baridi hiyo inakuja, ingiza mtini wako ndani, uweke karibu na hita, dirishani penye jua, endelea kumwagilia, na ukiona majani yanadondoka basi ongeza mbolea. Jamani! Huo ushauri ndo unaomaliza mitini kuliko hata barafu yenyewe, na unatolewa kwa nia njema kabisa, ndo maana watu wanauamini.

Mtini huu wa tini za kula ni ndugu wa mkuyu lakini tabia zao haziendani. Asili yake ni Asia ya magharibi na pande za Mediterania, huko kiangazi ni kikali na kikavu halafu baadaye inakuja baridi, siyo ya kutisha ila ipo, kwa hiyo kupumzika ni sehemu ya maisha ya huu mti tangu na tangu. Na binadamu wameishi nao muda mrefu mno, kule Gilgal kwenye bonde la Yordani wachimbaji wa mambo ya kale walikuta tini zilizokauka zenye umri wa miaka kama 11,400, taarifa zake zilitoka 2006, na waliozichunguza walisema huenda watu walianza kupanda mitini kabla hata ya ngano. Sasa mti wa umri huo unajua kulala wenyewe, hauhitaji mtu wa kuusaidia kukesha.

Kinachotokea ni hivi. Siku zikianza kuwa fupi na usiku ukianza kupoa, mti unaacha kurefuka, unavuta chakula kutoka kwenye majani na kukirudisha kwenye matawi na mizizi, majani yanageuka njano, yanaanguka. Ndani ya matawi wanga unageuzwa kuwa sukari na maji yanapungua kwenye seli ili barafu isije ikazipasua. Hiyo kazi haifanyiki usiku mmoja, inachukua wiki kadhaa za baridi ya polepole. Ndo maana mtini mkubwa uliolala sawasawa unaweza kuvumilia mpaka kama digrii 9 au 10 chini ya sifuri kabla matawi hayajaanza kufa, mdogo hauwezi hivyo, wenyewe hata digrii 5 chini ya sifuri zinaweza kuukausha. Lakini huohuo mtini mkubwa, jabali lile, ukishafungua macho yake, yaani vile vinundu vya kuchipulia, na kutoa majani machanga, usiku mmoja wa digrii 2 chini ya sifuri unatosha kuyafanya meusi yote. Mti ni uleule, tofauti ni kulala na kuamka tu.

Hapa ndo pana jambo ambalo washauri wengi wanaliruka. Miti ya namna hii ina usingizi wa aina mbili. Kwanza kuna ule mzito, ambao hata ukiupa joto mti hauamki mpaka utimize saa zake za baridi. Halafu ukishazitimiza unaingia kwenye usingizi mwepesi, sasa unakuwa umelala kwa sababu tu nje ni baridi, ukiupa joto siku chache unaamka. Matofaa mengi yanataka saa 800 mpaka 1,000 za baridi ya chini ya digrii 7 ndo yatosheke. Mtini unataka saa 100 mpaka 300 tu. Piga hesabu mwenyewe, saa 300 mfululizo hata wiki mbili hazifiki! Yaani kwa mtu wa kaskazini mwa dunia, Desemba haijaisha mtini wake umeshamaliza deni lake la baridi na kuanzia hapo umelala kwa usingizi wa kuibia, ukiuwekea hita unajua kiangazi kimefika. Januari nzima na Februari nzima, miezi mibaya kuliko yote, ndo miezi ambayo huu mti uko tayari kudanganywa. Kwa hiyo mimi nasema adui mkubwa wa mtini kwenye winta ni joto la katikati ya winta, baridi inafuatia kwa mbali.

Mtu mwenye mtini kwenye chungu au ndoo asiukimbize ndani mapema. Uachwe nje uanze kupoa, uonje hata baridi kidogo, majani yadondoke yenyewe yote, halafu ndo uingizwe sehemu isiyo na joto, gereji, stoo, chini ya ngazi, popote ambapo hapazidi digrii 7 na hapashuki sana chini ya sifuri. Kwenye chungu mizizi inapigwa na baridi kila upande tofauti na iliyo ardhini, hiyo ndo sababu ya kuuingiza. Na giza halina shida hata chembe, mti usio na majani mwanga ni wa nini? Watu wanahangaika na taa bure. Maji ni kidogo sana, kikombe mara moja kwa mwezi hivi, ukitia kidole kwenye udongo usikie unyevu wa mbali tu. Mti uliolala haunywi, ukiumwagilia kama wa kiangazi mizizi inaoza na wewe huoni kwa sababu juu hamna jani la kukuambia kitu.

Mbolea nayo. Mtu anayetia mbolea yenye naitrojeni mwishoni mwa kiangazi anauharibia mti wake bila kujua, kwa sababu mti unaendelea kutoa matawi laini wakati ulitakiwa ukomaze yale uliyonayo. Angalia tawi lako kabla baridi haijaja, likiwa limegeuka rangi ya kahawia au kijivu na gumu mpaka karibu na ncha, hilo litapona. Likiwa bado kijani na linapinda kama bua, hiyo sehemu ya kijani hesabu imeshakwenda. Mimi naona mbolea ikome kabisa kiangazi kikifika katikati, na maji yapunguzwe taratibu baadaye, mti wenyewe utaelewa.

Walioko na mitini ardhini kazi yao ni nyingine na hapo nawavulia kofia wazee wa Kiitaliano waliohamia New York na Toronto. Wale walikuwa wanachimba mtaro pembeni ya mti, wanakata mizizi ya upande mmoja, wanaulaza mti mzima kwenye mtaro, juu yake mbao, majani makavu, halafu udongo. Mizizi ya upande wa pili ndo inabaki inaushikilia uhai. Na hawakuwa peke yao, Argenteuil karibu na Paris, mahali palipokuwa na sifa kubwa ya tini karne ya 19, wakulima walikuwa wanaukuza mtini uwe kichaka kifupi chenye matawi mengi kutoka chini, ikifika baridi wanayafunga mafungu mafungu wanayalaza na kuyafukia, kisha wanayafukua baridi ikiisha. Wote hawa walikuwa wanaficha mti kwenye ardhi kwa sababu joto la ardhini halipandi na kushuka ovyo, siyo kwamba walikuwa wanautafutia joto.

Asiye na nguvu za kuchimba anaweza kuuvalisha, na hapo pia kuna makosa kibao. Gunia, blanketi kuukuu, majani makavu yaliyojazwa ndani ya wavu, hivyo vyote vinapumua. Plastiki iliyokaza kwenye gome ni balaa, jua la mchana linapiga humo ndani panakuwa moto, usiku panaganda, kesho tena hivyohivyo, gome linapasuka na ukungu unakaa. Plastiki kama lazima iwepo basi iwe juu tu kama paa la kuzuia mvua, na pembeni hewa ipite. Halafu panya, hao nao wanapenda sana nyumba ya majani makavu yenye gome tamu ndani yake, weka waya chini kuzunguka shina kabla hujavalisha kitu chochote. Na shina lenyewe lipandishiwe udongo au majani sentimita 30 hivi kutoka chini, kwa sababu hata juu kukifa kote, macho yaliyoko kwenye hiyo sehemu ya chini ndo yatakayorudisha mti.

Na hapo nakuja kwa jambo linaloniuma zaidi, watu kung'oa mitini mizima. Majira ya kuchipua yakifika jirani ana maua wewe una kijiti kikavu, unaambiwa huo umekufa, toa. Kwaruza gome kidogo kwa kucha. Chini yake kukiwa kijani na kubichi, tawi lipo. Kukiwa kahawia na kukavu, shuka chini kidogo kwaruza tena, shuka tena mpaka ufike udongoni. Hata ukikuta pote pakavu bado usishike jembe, subiri, mtini unachelewa, huko kaskazini unaweza kutoa kichipukizi toka ardhini hata mwezi wa Juni wakati ulishakata tamaa. Na kwa kuwa mitini mingi inapandwa kwa vipandikizi, siyo kwa kuunganishwa juu ya shina la mti mwingine kama matofaa, kitakachotoka kwenye mizizi ni tini ileile uliyoipanda.

Kuna suala la matunda linalochanganya watu pia. Mtini unaweza kuzaa mara mbili. Mzao wa kwanza unatoka kwenye matawi ya mwaka jana, ukichungulia ncha za matawi baada ya majani kuanguka utaona vitini vidogo saizi ya njegere vimejibana pembeni ya jicho, vile usiviguse, vikivuka winta salama ndo vitanenepa mwaka unaofuata. Ila zile kubwa kubwa za kijani zilizobaki bila kuiva toa zote, haziivi tena hizo, zitaoza tu hapo juu. Mzao wa pili unatoka kwenye matawi mapya ya mwaka huohuo na unaiva mwishoni, tena unaweza kushindwa kama kiangazi ni kifupi. Sasa mtu anakata matawi yote chini kila winta halafu analalamika mti hauzai mapema, utazaaje na matawi ya mwaka jana umeyatupa?

Ndo maana kuchagua aina siyo jambo la kuiga tu. Penye winta kali na kiangazi cha moto, chukua aina inayozaa haraka kwenye matawi mapya kama Chicago Hardy, hata ikifa mpaka chini inaweza kuchipua na kukupa tini mwaka huohuo. Penye winta ya wastani lakini kiangazi cha ubaridi ubaridi, kama Seattle na Vancouver, wengi wanaipenda Desert King kwa sababu inategemewa kwa ule mzao wa kwanza. Brown Turkey imezoeleka sana Uingereza, hasa ikikaa mbele ya ukuta unaotazama kusini, na ukiwa upande wa kusini mwa ikweta ukuta utazame kaskazini. Za aina ya Smyrna msijisumbue nazo, zile bila nyigu wake maalumu wa kuzichavusha zinadondoka changa, na nyigu huyo hawezi maisha ya baridi kali.

Kupunguza matawi kufanyike mti ukiwa bado umelala, mwisho mwisho wa winta, utomvu unakuwa hautoki sana. Vaeni glavu lakini, ule utomvu mweupe ukigusa ngozi halafu jua likaipiga unababuka vibaya. Na vijiti utakavyokata usitupe, chukua vyenye unene wa penseli urefu wa sentimita 15 mpaka 20, vichomeke kwenye udongo mwepesi, hiyo ni mitini mipya bure.

Kutoa chungu nje mwishoni mwa winta ndo sehemu ambayo hata waliofanya vizuri miezi yote wanateleza. Toa mapema, mti ukiwa bado umelala, uamke wenyewe kwa kasi ya hali ya hewa ya nje. Lakini ukikuta umeshaamka gizani umetoa vichipukizi vyeupe vyembamba, usiupeleke juani moja kwa moja maana vitaungua siku hiyohiyo, anza na kivuli siku kadhaa, halafu jua la asubuhi, na kila usiku unaotabiriwa kufika sifuri rudisha ndani, asubuhi toa tena, hivyo hivyo mpaka baridi za usiku ziishe kabisa.

Ni mimi,
Msomaji wenu, mpanda mitini